Mbwa Mkubwa Asiyewapenda Mbwa Wenzake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyajibu mara nyingi mpaka nikaona niyaweke mahali pamoja. Wengi wanaouliza wana Akita, Rottweiler, Boerboel, Cane Corso au Kangal, yaani mbwa wa kilo 40 kwenda juu, wenye msimamo wao. Mimi nimekaa na Akita dume kwa miaka 9. Hana rafiki hata mmoja miongoni mwa mbwa wenzake, na tunatembea asubuhi na jioni bila fujo. Sentensi hiyo ikikuingia, nusu ya majibu yaliyo hapa chini utakuwa umeshayajua.

Alikuwa anacheza na kila mbwa. Sasa ana mwaka mmoja na nusu na anataka kuwararua. Nani kamharibu?

Pengine hakuna. Mbwa mkubwa hukua mwili kabla ya kukua akili. Umri wa kuanza kuchagua nani wa kumvumilia na nani hapana huja kati ya mwaka 1 na miaka 3, na kwa mbwa wakubwa aghalabu huchelewa. Yule mtoto wa miezi 5 aliyekuwa akijilaza chali mbele ya kila mbwa alifanya hivyo kwa kuwa ni mtoto. Unayemwona sasa ndiye mbwa uliyemchukua.

Halafu kumbuka kazi ya mababu zake. Kangal alikaa na kondoo malishoni, akaamua mwenyewe nani mpita njia na nani adui, bila kungoja amri ya mtu. Rottweiler aliswaga ng'ombe, na ng'ombe haswagwi na mbwa mwenye woga. Akita, kabla Japani haijamtangaza kuwa hazina ya asili ya taifa mwaka 1931, aliwinda dubu na pia aliingizwa kwenye mapambano ya mbwa, tena akachanganywa na damu ya mbwa wengine wakubwa ili apigane vizuri zaidi. Katika historia hizo zote, sijaona mahali ambapo mtu alichagua wazazi kwa sababu wanapenda mbwa wageni. Hicho kichwa kigumu tunachokilalamikia ndicho kilichokuwa kikitafutwa.

Nimpeleke kwa mwalimu wa mbwa au kwa daktari wa mifugo?

Daktari kwanza, hasa kama ukali umekuja ghafla au mbwa ameshavuka miaka 4 au 5. Mbwa wakubwa husumbuliwa sana na nyonga na viwiko visivyokaa sawa. Anayeumwa nyonga anajua kwamba mbwa mwingine akimrukia kwa mchezo atapata maumivu, kwa hiyo anamfukuza kabla hajafika. Masikio yenye usaha, jino lililooza, tezi ya shingoni inayofanya kazi chini ya kiwango, macho yanayofifia: vyote hivi nimewahi kuona vikiitwa "utovu wa nidhamu". Akita hasa ana ugonjwa wa kinga unaoshambulia macho na ngozi, na unaweza kumpofusha. Mbwa asiyeona vizuri hushtuka, na anayeshtuka huuma.

Nitajuaje kama anacheza au anatishia?

Usitazame mkia peke yake. Mkia unaotikisika maana yake amechangamka, na mtu huchangamka harusini na huchangamka pia kwenye ugomvi. Mkia ulioinuka juu ukitikisika kwa kasi kama unaotetemeka, huku mwili umekakamaa, si furaha.

Mimi hutazama mdomo. Mbwa aliyetulia ameuacha wazi kidogo, ulimi unaonekana. Akiufunga ghafla na kuganda, kana kwamba ameacha kupumua, una sekunde moja au mbili. Uzito wake huhamia miguu ya mbele, macho yanakaza sehemu moja, masikio yanaelekea mbele. Huko kuganda ndiko wanakokukosa watu wengi, kwa sababu kunaonekana kama utulivu. "Alikuwa kasimama tu," wanasema baadaye.

Mchezo wa kweli una mapengo. Mmoja anakimbiza, kisha anakimbizwa. Wanainamisha kifua chini na kuinua makalio, wanaachana, wanajikung'uta, wanarudiana. Ukiwa na wasiwasi mshike yule anayekandamiza: aliyekuwa chini akirudi mwenyewe kutafuta mchezo, basi ni mchezo. Akiondoka zake, umepata jibu.

Kuna shida moja ya maumbile. Akita ana mkia uliojikunja mgongoni, masikio yaliyosimama, manyoya mazito na macho madogo. Hata akiwa hana neno na mtu, kwa mbwa mwingine anaonekana kama anayetafuta shari. Aliyekatwa mkia au masikio naye amepokonywa nusu ya lugha yake. Kwa hiyo wakati mwingine wako hakuanza, alisomwa vibaya.

Nimkemee akinguruma?

Usithubutu. Kunguruma ni mawingu. Ukimfunza asingurume hujazuia mvua, umejinyima muda wa kuanua nguo. Mbwa aliyeadhibiwa kila anaponguruma huruka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye meno, na ndipo watu husema "aliuma bila dalili". Akinguruma, ongeza nafasi kati yake na kinachomkera, kisha ukifika nyumbani jiulize ulifikaje karibu kiasi kile.

Rafiki yangu anasema tatizo ni kwamba mbwa hajui nani bosi. Nimlaze chini mpaka akubali?

Nadharia hiyo ina historia. Mwaka 1947 Rudolph Schenkel alichapisha utafiti wake juu ya mbwa mwitu waliofungwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, ambao walipigania vyeo muda wote. Watu wakachukua picha hiyo na kuwabandika mbwa wa nyumbani. Baadaye David Mech wa Marekani, ambaye maandishi yake ya awali yalisaidia kulieneza neno "alfa", yaani mbabe anayetawala kundi, aliwafuatilia mbwa mwitu wakiwa huru na mwaka 1999 akaandika kinyume: kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi.

Hata tukiiacha historia, fikiria kitendo chenyewe. Mbwa wa kilo 50 ameshapandwa na hasira, nawe unainamisha uso wako karibu na mdomo wake kumgeuza chali. Sijui faida unayoitafuta pale.

Mkanda wa umeme na mkanda wa miiba vina kasoro nyingine. Mbwa hajui kwamba maumivu yametoka kwenye rimoti yako. Anachojua ni kwamba kila akitokea mbwa, shingo inauma. Alikuwa hawapendi, sasa ana sababu. Wengine hunyamaza kweli kwa wiki kadhaa, mwenye mbwa akafurahi, mpaka siku hofu au hasira ilipozidi maumivu.

Basi nifanye nini hasa?

Umbali, nyama, na mpangilio wa mambo. Nitaeleza taratibu kwa sababu hapa ndipo watu hukimbilia mwisho.

Kila mbwa ana umbali ambao akimwona mwenzake anamtambua lakini bado anaweza kula, kukusikia na kugeuza shingo. Ukiuvuka mstari huo, akili ya kujifunza imefungwa. Kwa mbwa mmoja ni meta 10, kwa mwingine ni meta 80. Utafute wa kwako. Nenda mahali pa wazi ambapo mbwa hupita kwa mbali, ukiwa na nyama iliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama ncha ya kidole. Nyama hiyo aipate hapo tu, asiipate nyumbani.

Mbwa mwingine anatokea. Wako anamwona. Ndipo nyama ianze kutoka, kipande baada ya kipande, mpaka yule apite. Akishapita, nyama inaisha. Mpangilio ni huo na haugeuki: mbwa kwanza, nyama baadaye. Ukitoa nyama kabla hajaona, unamfundisha kwamba nyama ni dalili ya balaa, na siku moja utamwona akianza kuangaza macho kila unapotia mkono mfukoni. Usimwamuru akae wala usimlazimishe akutazame. Mwache atazame. Baada ya siku kadhaa, au majuma kadhaa, utaona jambo dogo la kupendeza: anamwona mbwa, kisha anakugeukia wewe mwenyewe, kana kwamba anasema "yule pale, lete." Siku hiyo sogeza hatua chache mbele. Hatua, si nusu ya uwanja.

Wa kwangu alianzia kama meta 60. Ilichukua miezi 7 kufika upande wa pili wa barabara. Mwezi wa nne nilijiona fundi, nikaupunguza umbali kwa nusu ndani ya siku moja. Akalipuka, nikarudi nyuma majuma matatu.

Jingine la kujua: hasira hujilimbikiza. Asubuhi kapishana na mbwa langoni, mchana kapelekwa kudungwa sindano, jioni fataki zimepigwa. Homoni za mfadhaiko hazishuki mara moja, na mbwa aliyevumilia meta 20 jana leo havumilii 40. Siku kama hiyo msitoke kufanya mazoezi. Mpe mdoli wa mpira wenye tundu lililojazwa chakula autafune nyumbani, au umfichie chakula majanini akitafute kwa pua. Kunusa kunawatuliza mbwa hawa kuliko kukimbia.

Nje hali kabisa, hata nyama anaitema.

Uko karibu mno. Rudi nyuma mpaka ale. Kama hali hata kukiwa hakuna mbwa upeo wa macho, basi mahali penyewe panamtia wasiwasi na unatakiwa uanzie hapo.

Vifaa gani ninavyohitaji?

Kamba ya kawaida ya meta 2, ya ngozi au ya turubai nene isiyokata kiganja. Zile kamba zinazojikunja ndani ya kishikio zitupe: huwezi kumvuta karibu haraka, na uzi wake umeshawachana watu vidole. Mkanda wa kifuani wenye pete mbele, kifuani, si mgongoni. Pete ya mgongoni ni ya mbwa wa kuvuta mkokoteni. Ya mbele humgeuza kukuelekea anapojitupa. Mimi hufunga kamba ya pili nyembamba kutoka mkanda wa kifuani hadi mkanda wa shingoni, kwa sababu vifungo vya plastiki hukatika, tena siku usiyoitaka.

Kifunga mdomo nakitetea kuliko kitu kingine chochote. Kiwe cha kikapu, chenye nafasi ya kuhema mdomo wazi, kunywa maji na kupokea nyama. Vile vya kitambaa vinavyobana mdomo si vya matembezi. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na akizuiwa anaweza kufa kwa joto. Usimvishe kwa nguvu. Paka chakula laini ndani, atie pua mwenyewe, atoe, atie tena. Siku kadhaa baadaye funga mkanda kwa sekunde tano ukimlisha. Ndani ya majuma mawili au matatu mbwa wengi wanakisogelea wenyewe wakikiona. Watu watakutazama vibaya barabarani, na watavuka upande wa pili. Si ndicho unachotaka?

Nikimhasi atapoa?

Huenda kidogo, huenda hapana. Dume anayegombana na madume wengine kwa sababu ya majike anaweza kupungua ukali. Anayegombana kwa hofu habadiliki, na wengine huzidi. Tena kwa mbegu kubwa kama Rottweiler, kuhasi mapema kabla mifupa haijamaliza kukua kumehusishwa na matatizo ya viungo. Zungumza na daktari kuhusu umri, lakini usitarajie kisu kifanye kazi ya kamba na nyama.

Nina majike wawili ndani ya nyumba moja. Walilala pamoja miaka miwili, sasa wanauana.

Hili ndilo swali linalonipa huzuni zaidi. Ugomvi wa majike wawili wa nyumba moja huwa mkali kuliko ule wa madume, na kupatana kwao ni kugumu zaidi. Mara nyingi huanza pale mdogo anapofikia utu uzima au mmoja anapoingia kwenye joto, yaani anapotaka dume.

Watenganishe leo, si baada ya pambano la tatu. Kutenganisha maana yake milango miwili kati yao, au mlango na banda lenye kufuli, ili mmoja wa watoto akisahau mlango mmoja bado upo mwingine. Wale kwa zamu, watoke kwa zamu, wakae nawe kwa zamu. Kisha andika kilichotokea kabla ya kila pambano. Utakuta ni mambo yaleyale: bakuli, mlango mwembamba, mtu anaporudi nyumbani na wote wanamkimbilia, kengele ya mlango, mfupa chini ya kiti. Ugomvi ukiwa unaanzia kwenye kitu kimoja kinachojulikana na hakuna aliyetobolewa, kuna matumaini. Ukiwa unaanza kwa kutazamana tu, na mmoja amekuwa akimvizia mwenzake, tafuta daktari wa wanyama aliyebobea katika tabia. Familia nyingi huishi kwa zamu hivyo mpaka mbwa mmoja azeeke na kufa. Wapo wanaoiweza. Wengine inawachosha vibaya, na kumtafutia mmoja nyumba nyingine si usaliti.

Wakishashikana, nawatenganishaje?

Usitie mkono kwenye vichwa wala kwenye mikanda ya shingoni. Karibu kila aliyenionyesha kovu la mkononi alikuwa anafanya hivyo. Mbwa aliye katikati ya pambano huuma kinachomgusa, na hajui kuwa ni wewe.

Anza na visivyohitaji mkono: mpira wa maji usoni, ndoo ya maji, mfuniko wa sufuria ukipigwa sakafuni, blanketi juu ya vichwa, ubao au kiti kusukumwa katikati. Vikishindwa na mko wawili, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, juu karibu na paja, aiinue kama mikono ya toroli na kurudi nyuma kwa kuzunguka, ili mbwa alazimike kufuatisha miguu ya mbele badala ya kugeuka kukuuma. Msiwaachie mpaka kuna mlango kati yao.

Kama mmoja ameng'ata na hajaachia, usivute. Kuvuta kunageuza tundu kuwa ngozi iliyochanika. Washikilieni wote wakaribiane, msubiri sekunde anapolegeza taya ili ashike upya, ndipo mtoe. Ukiwa peke yako, funga kamba ya mmoja kwenye nguzo kwa kuipitisha kiunoni mwake kabla ya makalio, kisha mrudishe wa pili.

Baadaye wapeleke wote wawili kwa daktari, hata aliyeonekana mzima. Jino refu hutoboa tundu dogo kwenye ngozi na kupasua nyama chini yake, na manyoya yanaficha. Siku ya tatu panavimba usaha. Nawe ukiwa umeumwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda.

Anawachukia mbwa. Je, atawageukia watoto wangu?

Ni vitu viwili tofauti. Wapo wanaopigana na mbwa wote na kulala na watoto wachanga. Hatari ya kweli ni ile ya kushikilia kamba ya mbwa aliyepandwa na hasira akashindwa kumfikia adui: anageuka na kuuma paja lililo karibu. Kwa hiyo kamba ya mbwa huyu haishikwi na mtoto, hata kama mtoto ana nguvu.

Ndio kwanza namleta mtoto wa mbwa wa majuma 8. Nianzeje ili yasinifike?

Dirisha la kuzoea dunia hufunguka kama majuma 3 na kuanza kufungika majuma 12 hadi 14. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini wengine humkunja mpaka wakamvunja: wanampeleka kwenye uwanja wenye mbwa ishirini wasiojulikana, anakanyagwa, na hofu inabaki. Mkutanishe na mbwa wazima watatu au wanne wapole, waliochanjwa, mmoja mmoja. Awaone wengine kumi kwa mbali akila nyama bila kuwasogelea. Kupita bila kusalimia ni somo, nalo ndilo atakalolihitaji zaidi akifika kilo 50. Na usichukue ndugu wawili wa tumbo moja, wala wawili wa jinsia moja.

Kuna wakati wa kukata tamaa?

Upo. Mimi hutazama majeraha. Mbwa aliyepigana mara kumi na kuacha mate na mikwaruzo ana breki mdomoni, hata kama kelele zake zilitisha. Ian Dunbar, daktari wa mifugo na mwalimu wa mbwa, aliweka ngazi sita za kuuma kwa kuangalia hilihili, kuanzia kutishia bila kugusa hadi kuua. Mbwa aliyeng'ata mara moja akatoboa kwa kina na kutikisa, kisha akarudia kwa mbwa wa pili, hawezi kukabidhiwa kwa mtu asiyeambiwa. Ukimtoa, mweleze anayempokea kila kitu, kwa maandishi. Ukikosa mtu wa kumpokea na huwezi kumzuia, sindano ya daktari itakayomuua bila maumivu ni njia ya halali, na usimruhusu mtu ambaye hajawahi kuosha damu sakafuni kwake akuhukumu.

Wengi wanaoniuliza hawajafika huko wala hawakaribii. Wana mbwa anayefoka kwenye kamba na bega linalouma.

Mbwa wa jirani hafungwi. Ananijia mbio, na mwenyewe anapaza sauti kwa mbali: "Usiogope, wangu ni mpole!"

Usibishane habari za upole. Mwambie "Wangu ana ugonjwa wa ngozi, unaambukiza." Sijaona kitu kingine kinachomfanya mtu akimbie haraka hivyo kumshika mbwa wake. Huku nyuma weka wako mgongoni mwako, rusha konzi ya nyama usoni mwa yule anayekuja, naye akiinama kuokota, ondokeni.